Vitambaa vya Bibi Yako Juani

Mpendwa mjukuu wangu Kabula,

Pokea salamu za hapa kijijini Zagayu. Sote tu wazima, na shangazi yako amejifungua salama. Uniwie radhi kugusa jambo la wanawake, lakini bibi yako hayupo tena, na barua yako imenikera. Umeanza kutumia pedi za kitambaa, vizuri. Kisha unazianika chini ya kitanda kwa kuwaonea haya wenzako wa bwenini!

Kosa hilo nililifanya kabla yako. Katika kijiji cha ujamaa nyumba zilipangwa mstari, na kila ua ulionekana kwa jirani. Siku moja bibi yako alianika vitambaa vyake vya hedhi. Mimi, mwalimu na msomi wa misheni, nilipomwona balozi wa nyumba kumi akija, nikavianua mbio na kuvificha chini ya godoro, vibichi.

"Baba Masanja!" bibi yako alifoka. "Pamba tunailima juani, tunaivuna juani, leo kitambaa chake kinaonea jua aibu? Unataka niwashwe tena kwa unyevu?"

Nilivirudisha kambani mwenyewe, kimoja kimoja, balozi akitazama.

"Mwadila, mwalimu," akanisalimu, kisha akauliza kama mvua imefika shambani kwetu.

Basi zitoe pedi zako huko chini ya kitanda leo hii, uzianike juani. Nisamehe ukali wangu.

Babu yako