Unga Kwenye Mdomo wa Shimo

Mama yangu,

Huku milimani upande wa Salamabila hakuna udongo wa vyungu. Nimeutafuta tangu siku askari wa chifu walipotuleta, kamba viunoni. Ni mawe na tope jekundu lisiloshikana. Wewe ungelifinya mara moja ukalitupa. Mimi ndilo ninalolibeba kila siku, nikiwatafutia wengine dhahabu, na jioni nalikuta hata masikioni.

Nakuandikia wewe uliyekufa kwa sababu walio hai hawasemi nami. Kusoma kwangu kuliishia kwa katekista, unakumbuka, kwa hiyo nivumilie. Barua haitafika popote. Hilo nalijua.

Leo kutwa nimekuwa nikiliwaza lile shimo la udongo la kwetu, mwendo mfupi kutoka Kasongo, mlikochimba wanawake wote wa kijiji. Kabla jembe halijagusa chini, kila mmoja aliweka yai ukingoni, la mwenye shimo, yule asiyeonekana. Mwaka ule ulipobatizwa, wewe ulikwenda bila yai. Nilikuwa nawe, nimekushikia kikapu.

"Mama Feza," shangazi alikuita kwa jina la dada yangu, "yai yako iko wapi?"

"Tulikula asubuhi."

Wakacheka. Kisha wakaona hutanii.

"Weka basi hata jiwe ya mviringo. Mungu wako hataona."

"Kama ni jiwe tu, mbona munanibembeleza?"

Hawakucheka tena. Walikufukuza pale, ukaanza kwenda kuchimba kwenye kijito cha mbali, udongo wenye mchanga mwingi. Vyungu vyako vilipasuka motoni. Ulivigonga kimoja kimoja kwa ukucha, ukisikiliza. Kilicholia vibaya ulikivunja mwenyewe, usije ukamuuzia mtu ufa. Baba alinung'unika hata akachoka. Tulikula majani ya muhogo bila mafuta. Nikakuuliza kwa hasira kwa nini usingeweka yai kwa mkono tu, na moyoni umwombe Mungu wako.

Ulinijibu bila kuacha kufinyanga. "Mukono iko ya nani, na moyo iko ya nani? Mimi niko muzima, na niko wake."

Ukaendelea kuimba. Hilo ndilo linaloniumiza sana, Mama. Uliimba.

Huku nako mlima una mwenyewe. Kila asubuhi, kwenye mdomo wa shimo, watu hutupa unga kidogo wa posho ndipo waingie. Wote hutupa, wa misheni na wa msikiti. Mimi tangu siku ya kwanza nilipita mikono mitupu, kwa ajili ya maneno yako yale. Walinicheka tu. Kalume alicheka kuliko wote. Ndiye niliyefanya naye kazi: yeye akichimba, mimi nikibeba. Akanibandika jina, Padri wa Matope. Akawa anatupa unga mara mbili, na kusema kwa sauti, "Hii yangu. Hii ya padri wangu, asituletee maneno."

Nilimwomba aache. Nilimwambia kwamba akitupa kwa jina langu ni kama nimetupa mimi. Alinitazama sana, akasema, "Haya, ndugu. Kwa ajili yako." Akaacha.

Mwezi mwingine haujaandama, dari ya shimo ikamwangukia. Tulimtoa kwa mikono. Miguu yake niliishika mimi.

Miti iliyotegemeza dari ilikuwa imeoza, Mama. Wote tuliijua, na kapita, msimamizi wetu, tulimwambia. Lakini sasa hakuna anayeitaja miti. Wanasema unga wa Kalume ulikuwepo, uliokosekana ni wangu. Hakuna anayekubali kuingia shimoni pamoja nami, na kapita hataki maneno. "Kesho utatupa unga mbele ya wote," ameniambia. "Wakigoma kuingia, fimbo ni yako."

Ramazani, mtu wa Nyangwe tunayelala naye kibanda kimoja, ameniletea unga wake mwenyewe, maana posho yangu imekwisha, ameufunga kwenye jani. Ni mtu mwema. "Mimi naswali, nafunga, na natupa," amesema. "Wewe Mukristu wa juzi unajiona nani? Ni unga tu, kaka."

Nilitaka kumjibu kama ulivyomjibu shangazi. Nikalipokea lile jani.

Niseme kweli, nani mwingine nitamwambia? Naomba, na ni kama kusema ndani ya shimo: sauti yangu inanirudia mwenyewe. Wewe ulifukuzwa, lakini hakuna aliyekufa kwa yai lako. Ulilala njaa pamoja na sisi, na Mungu akakupa wimbo. Mimi amenipa miguu ya Kalume. Nikijigonga sasa kwa ukucha, nalia kama vyungu ulivyovunja. Nusu yangu imezikwa na rafiki yangu, nusu ni ya kapita. Huyo mzima uliyempa Mungu wewe, mimi namtoa wapi? Pengine haikuwa imani. Pengine ulikuwa ukaidi wa mtoto wa mama yake.

Jioni hii nilikaa muda mrefu na lile jani mkononi. Kisha niliwasha moto, nikapika uji wa unga ule.

Ramazani amenikuta nakoroga. Ameshika kichwa. "We mutu! Unakula chakula ya mulima?" Nimemkaribisha. Amekunja mkeka wake, akaenda kulala kwa wengine. Simlaumu.

Nimeunywa wote, Mama, peke yangu, na hakuna wimbo uliokuja. Haukuwa na chumvi. Kesho nitafika mbele yao mikono mitupu, iwe fimbo, uwe mlima. Sijui kama huo ndio moyo mzima uliousema, au ni uchovu tu. Najua kwamba unga umekwisha, na siwezi tena kubadili nia asubuhi.

Lala, mama yangu. Kama uko karibu na Mungu wako, mwambie kuna mtu anakuja shimoni kesho, na hana yai.

Ni mimi mwanao, niliyekushikia kikapu.