Madumu Manne Yaliyokutwa Ndani ya Mlima wa Darasani

JESHI LA POLISI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Khairiya Shaib
Umri: Miaka 16
Kazi: Mwanafunzi, Kidato cha Tatu
Dini: Mwislamu
Makazi: Makorora, Tanga, nyumbani kwa mjomba wangu
Tarehe: 18 Februari 1984, saa tatu na robo asubuhi

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni peke yangu, bila kuitwa. Nimeomba kuandika kwa mkono wangu mwenyewe na Koplo Benedikta amenikubalia. Yeye amekaa mbele yangu na ananiuliza pale asipoelewa.

Mimi ni katibu wa Klabu ya Jiografia ya shule yetu. Mlezi wa klabu ni Mwalimu Zebedayo Hosea, ambaye yumo mahabusu ya kituo hiki tangu juzi Alhamisi. Nimekuja kueleza kwamba madumu ya dizeli yaliyokutwa darasani si yake.

Mnamo mwezi wa Oktoba mwaka jana tulisoma habari za volkano. Mwalimu Zebedayo alituuliza ni nani kati yetu amewahi kuuona mlima Kilimanjaro kwa macho. Hakuna aliyenyoosha mkono. Tulikuwa wanafunzi thelathini na nane. Mwalimu alisema yeye ni mzaliwa wa Mtae, kule juu Usambara ambako ardhi inakatika ghafla na chini yake ni nyika tupu. Alisema mtu akisimama ukingoni alfajiri katika miezi ya kiangazi, kabla vumbi na ukungu wa nyika havijapanda, jua linapochomoza Kilimanjaro huonekana mbali upande wa kaskazini magharibi, theluji ikiwa nyekundu. Huonekana kwa dakika ishirini hivi, kisha hupotea.

Mwenzangu Queen Tadeo alisema, "Mwalimu, tusafiri siku nzima kwa ajili ya dakika ishirini? Si mlima huohuo upo ukurasa wa arobaini na moja?"

Mwalimu akamjibu, "Wa kitabuni hauamki, Queen."

Tangu siku hiyo tukaanza kupanga safari. Mwalimu alimwandikia mama yake barua, na mama yake akajibu kwamba tutalala kwenye ukumbi wa kanisa na yeye atatupikia. Baba yake Queen, Mzee Tadeo, ni dereva wa lori la shamba la mkonge huko Pongwe. Meneja wa shamba alikubali kutuazima lori na dereva, lakini bila mafuta. Tulipanga kuondoka leo Jumamosi saa kumi na moja alfajiri, kulala Mtae, na kuutazama mlima kesho Jumapili saa kumi na mbili na nusu. Saa moja kamili ilitupasa tuwe tumekwisha panda lori, kwa sababu ya amri ya magari kutotembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Mzee Tadeo alisema tukichelewa hata dakika kumi tutazuiwa kizuizini Pongwe, na lori litalala hapo.

Wakati tunangoja, klabu ilitengeneza mfano wa mlima nyuma ya darasa. Tulifunga fito za mikoko, tukavika magunia, tukapaka nyuzi za mkonge zilizochanganywa na uji wa muhogo. Ulipokauka ulikuwa mrefu kunizidi. Ndani ulikuwa mtupu. Kilele cha Kibo tulikipaka chokaa, na cha Mawenzi tukakiacha na rangi yake.

Lori lilihitaji lita mia moja na arobaini za dizeli kwenda na kurudi. Mwalimu aliomba kibali cha mafuta mara tatu. Mara ya kwanza aliambiwa arudi baada ya Mwaka Mpya. Mara ya pili aliyehusika hakuwepo. Mara ya tatu, tarehe 8 Februari, alipewa kibali cha lita sitini. Alitusomea kile kibali darasani, akakikunja. Alisema lita sitini zinatufikisha Mtae kwa shida, haziturudishi. Queen akasema, "Basi tubaki hukohuko, Mwalimu, tulime kabeji." Tulicheka, naye akacheka, lakini alipotoka alisahau mfuko wake wa vitabu mezani. Nilimpelekea.

Siku hiyohiyo jioni nilimweleza mjomba wangu. Anaitwa Jaku Abass, ni kaka wa mama yangu.

Hapa nimesita kuandika. Koplo Benedikta ameniambia silazimishwi kutaja jina la ndugu yangu, lakini maelezo yasiyokuwa na mwenye mafuta hayatamsaidia mtu. Kwa hiyo nimeliacha jina kama nilivyoliandika.

Mjomba Jaku ni utingo wa lori linalokwenda Horohoro, mpakani na Kenya. Baba yangu alipofariki mwaka 1979, Mjomba alitufuata Pemba akatuleta kwake, mama na mimi. Ana watoto wake saba. Ada yangu na sare yangu hutoa yeye. Nilipomweleza habari za lita themanini zilizopungua aliniuliza, "Huo mlima wenyewe mkishauona, mwaufanyani?"

Nikasema, "Twautazama tu, Mjomba."

Akasema, "Alaa! Kutazama tu." Kisha akaendelea kula.

Jumapili tarehe 12 Februari, saa saba mchana, alirudi kutoka mpakani na madumu manne ya lita ishirini. Nilitaka kumpa fedha tulizochanga klabuni kwa ajili ya safari, akakataa. Alisema, "Mie sijapanda mlima hata mmoja. Nenda ukanitazamie." Sikumuuliza mafuta aliyapataje. Nilijua.

Dumu moja halikuwa na kifuniko. Mjomba alilizibia kwa gunzi la muhindi lililofungwa nailoni, kama watu wote wafanyavyo.

Mama aliogopa kuyaweka ndani, kwa kuwa balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa akipita kukagua nani ameficha sukari na sabuni. Alisema yasilale pale zaidi ya usiku ule. Mimi ndiye niliyewaza kuyaficha ndani ya mlima. Hakunishauri mtu. Jumatatu tarehe 13, saa kumi na mbili asubuhi, Queen na mimi tuliyapeleka shuleni kwa mkokoteni, tukiyafunika kwa nyuzi za mkonge. Mlinzi alituuliza tumebeba nini. Nilimwambia ni mkonge wa kuongezea Mawenzi. Huo ulikuwa uongo, nami ndiye niliyeusema. Queen alisukuma mkokoteni ndani. Tuliingiza madumu matatu chini ya Kibo na lile la gunzi chini ya Mawenzi, tukashona gunia.

Mwalimu Zebedayo hakuwapo na hakujua.

Jumatano tarehe 15, baada ya vipindi, saa tisa alasiri, Mwalimu alinizuia nisitoke. Alikuwa amesimama karibu na mlima, akinusa. Aliniuliza, "Khairiya, humu ndani mna nini?"

Nikasema, "Mna mafuta, Mwalimu. Ya safari."

"Sikuuliza ya nini. Nimeuliza ya nani."

Sikumtajia Mjomba. Alikaa juu ya dawati. Kisha akasema, "Kabla ya Ijumaa jioni yatoke humu, yarudi yalikotoka. Safari haipo tena."

Nilimwambia kwamba mama yake ameshajiandaa, na wenzangu wameshapiga pasi nguo. Akasema, "Mama nitamwandikia." Nilianza kulia. Alinipa chaki nyeupe, akaniambia nimsaidie kupaka tena Kibo pale palipobanduka, ili wenzangu wasijue lolote. Tulipaka wote wawili mpaka saa kumi. Hakunigombeza. Nilipokuwa naondoka alisema, "Mlima hauendi popote. Mwakani nao upo."

Nimeandika hayo ili ieleweke kwamba yeye alikataa mafuta yale tangu dakika aliyojua. Koplo Benedikta ameniuliza, "Kwa hiyo Jumatano alijua?" Nimesema ndiyo, ndipo alipojua, na aliamuru yarudishwe. Ameniuliza kama aliripoti kwa Mkuu wa Shule au polisi. Nimesema sijui. Ameniuliza tena, nimesema hapana, hakuripoti. Ameandika kitu kwenye karatasi yake mwenyewe.

Nataka niseme na jambo jingine ambalo hakuna ajuaye. Mkokoteni ningeweza kuupata Alhamisi alfajiri. Mwenyewe ni jirani yetu na hajawahi kuninyima. Sikwenda kuuomba. Nililala nikifikiri kwamba Mwalimu akiamka atakuwa amebadili mawazo, kwa sababu na yeye aliitamani safari ile, pengine kutupita sisi. Alikuwa hajaenda kwao miaka miwili kwa sababu ya nauli na shida ya usafiri. Laiti ningekwenda kuomba mkokoteni, wakaguzi wangeukuta mlima mtupu.

Alhamisi tarehe 16 Februari, saa nne asubuhi, walikuja wakaguzi wawili wa elimu. Hatukuwa na habari ya ujio wao. Waliingia darasani kwetu Mwalimu akiwa ubaoni. Tulisimama tukawaamkia. Mmoja wao, mwenye miwani, aliusifu sana mlima wetu. Aliuliza ni wa nini, nikamweleza kuhusu volkano hai, iliyolala na iliyokufa, kama tulivyofundishwa. Akasema, "Vizuri sana, binti." Kisha akainama upande wa Mawenzi. Palikuwa na doa jeusi kwenye gunia, upana wa sahani. Gunzi lilikuwa limelowa. Alinusa.

Akasema, "Mwalimu, mlima wenu huu umeanza kutoa moshi?"

Darasa zima lilicheka. Mwalimu Zebedayo hakucheka, na mimi sikucheka. Mkaguzi aligusa lile doa kwa kidole, akafumua mshono, akaingiza mkono hadi begani. Alilitoa dumu la gunzi.

Aliuliza, "Haya ni ya nani?"

Mimi nilisimama. Nathibitisha kwamba nilisimama, na wanafunzi wote waliniona. Nilikuwa nimefungua mdomo. Mwalimu Zebedayo alisema, "Kaa chini, Khairiya. Ni yangu." Nami nilikaa. Niliketi kwa sababu ndivyo nilivyozoea anaponiambia nikae.

Saa saba mchana polisi walikuja wakamchukua. Walichukua na madumu yote manne. Ili kulitoa la mwisho walivunja upande wa Kibo.

Alhamisi jioni nilimweleza mama. Mama alifunga mlango, akasema, "Mwalimu keshakiri mwenyewe. Hana mke, hana mtoto. Jaku ana saba, na wewe na mie ni tisa. Wakija kukuuliza, sema aliyaleta yeye." Nikamwambia sitaweza. Akasema, "Basi usiseme kitu. Kunyamaza si uongo." Jana Ijumaa nilinyamaza kutwa nzima. Shuleni tuliambiwa tusizungumze habari hizo, na mlima ukatolewa nje ukachomwa moto nyuma ya jiko.

Leo niliamka saa kumi alfajiri kwa kuwa ndio muda niliopanga kuamka. Mjomba Jaku alikuwa ameketi barazani amevaa shati la safari. Nilimwambia, "Shikamoo, Mjomba." Hakuitikia. Nilipovaa sare yangu alijua niendako. Alisema, "Ukitoka huko usinipitie." Mama alikuwa mlangoni, akaniangalia tu. Nilitembea kwa miguu kutoka Makorora, nikasubiri kwenye benchi la kituo mpaka Koplo Benedikta alipoingia kazini.

Mjomba wangu si mfanyabiashara wa magendo kwa mafuta haya. Hakuyauza na hakupata faida. Aliyaleta kwa sababu mimi nilimweleza shida yetu. Mwalimu wangu hakuyataka, hakuyaagiza na hakuyagusa. Mwenye kosa ni mimi. Ikiwa lazima mtu mmoja abaki ndani, naomba niandikwe mimi. Lori bado liko Pongwe na kibali cha lita sitini hakijatumika. Kiangazi kinakwisha mwezi ujao, lakini Mwalimu alisema hata mwakani.

Yote niliyoyaona na kuyatenda ni haya. Nimeyaandika kwa hiari yangu, hakuna aliyenitisha wala kuniahidi kitu, na sina la kupunguza.

Sahihi: Khairiya Shaib

MAELEZO YA AFISA ALIYEPOKEA

Maelezo haya yameandikwa na shahidi mwenyewe mbele yangu kuanzia saa tatu na robo hadi saa tano na dakika kumi asubuhi. Nimemsomea kwa sauti, amekubali kuwa ni sahihi, na amesahihisha herufi mbili. Nilimuuliza kama anataka kuifuta sehemu ya Jumatano tarehe 15. Alisema hawezi kuifuta kwa sababu ndiyo inayoonyesha wema wa Mwalimu.

Kutokana na maelezo haya, Jaku Abass amekamatwa nyumbani kwake Makorora saa sita na nusu mchana. Hakuleta fujo. Mtuhumiwa Zebedayo Hosea amesomewa maelezo haya mahabusu. Aliomba tu shahidi arudishwe shule. Ataendelea kushikiliwa, na shtaka linabadilishwa kuwa kujua kuwepo kwa bidhaa ya magendo bila kutoa taarifa, pamoja na kuwadanganya maafisa kuhusu mwenye mali. Nakala imepelekwa kwa mwendesha mashtaka ili shahidi aitwe upande wa Jamhuri.

Shahidi aliniuliza kama Mwalimu atatoka leo. Nilimjibu aende nyumbani.

Sasa ni saa kumi na mbili jioni. Bado yuko kwenye benchi.

Koplo Benedikta Kristofa
18/2/1984