Nilimwambia Shangazi Ni Mambo ya Mizero

Mpendwa Mama Kostansia, nakuomba unisaidie kabla ya Jumamosi ya tarehe ishirini na tisa, maana siku hiyo wazee wa familia yetu wanakutana Columbus kuvunja ndoa ya watu, na mimi nimeitwa kama shahidi, na kosa wanaloenda kulihukumu ni langu. Tafadhali badilisha majina yote ukiichapa barua hii gazetini.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa North Buffalo na nafanya kazi kiwandani kule Tonawanda, na tangu nikiwa msichana katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mimi ndiye mkalimani wa familia, watu wa mashirika wakija walikuwa wananiita mimi, na hapa Amerika ni mimi tena, hospitali, shule, barua za nyumba, hata shangazi yangu aliye Louisville akienda kwa daktari ananiweka kwenye simu na daktari anaongea naye kupitia kwangu, na sitakuficha, Mama, kazi hiyo naipenda, napenda mtu mkubwa akiniambia Kiingereza changu ni kizuri.

Julai ya mwaka huu wa 2016 tuliamua tukutane wote baharini, sisi wa Buffalo, binamu yangu Ganza na mkewe Josiane wanaokaa Hilliard, pale pale Columbus, na shangazi Bamurange wa Louisville, mahali panaitwa Myrtle Beach, safari ya kwanza ya raha katika maisha yetu, kwa sababu safari zetu nyingine zote zilikuwa za kukimbia. Shangazi alikuja na bahasha yake. Aliyekaa kambini anaijua bahasha hiyo, ni ya plastiki, ndani yake kuna karatasi ya kuingilia nchini, grini kadi, kadi ya Social Security, picha za marehemu, na barua zote za faili ya Mizero, binti yake wa mwisho aliyebaki Nakivale, ambaye tunangoja aruhusiwe kuja Amerika, mwaka wa nne sasa. Kambini ukiacha karatasi nyumbani siku wanayoita majina umekwisha, kwa hiyo shangazi huifunga kifuani ndani ya kitenge, hata kanisani, hata pale kwenye mchanga alikaa nayo, na akienda kuoga alimpa Josiane amshikie, kwa sababu walilala chumba kimoja na Josiane ndiye aliyekuwa akimfulia nguo na kumkanda magoti.

Siku ya pili, wengine wakiwa bado majini, mimi na shangazi na watoto tulikuta hema dogo karibu na hoteli, na mwanamume mwenye beji shingoni, meza, mafomu na kalamu, akasema familia itakayokaa naye saa moja na nusu kujibu maswali na kusikiliza habari za nyumba za likizo itapewa tiketi za bure za boti ya kwenda kutazama pomboo, watoto wakaanza kunivuta mkono wakinisihi kwa Kiingereza chao, na yule mtu akaniambia ninaongea vizuri kuliko watu waliozaliwa hapa, nikakaa. Akasema mkubwa wa familia naye lazima ajaze fomu. Shangazi alipoiona ile beji na ile meza akakaa wima kama siku ya mahojiano ya kuja Amerika, akaanza kujibu kabla sijamaliza kutafsiri, tarehe ya kuzaliwa, majina ya watoto wote pamoja na waliokufa, namba ya simu ya Mizero, vitu ambavyo hakuna aliyemwuliza, na yule mtu akaandika vyote. Halafu akaomba karatasi zake akazitoe kopi, na hapo shangazi akashika kifua.

"Uyu bwana iko natafuta karatasi yangu ya nini?" aliniuliza. "Mi siwezi mupatia."

Watoto walikuwa wanasubiri, yule mtu alikuwa ananitazama, na niliona haya kwamba mkalimani mzima ninashindwa kumwelewesha bibi mmoja.

"Shangazi, mupatie tu," nikamwambia. "Ni mambo ya Mizero."

Akakifungua kitenge papo hapo. Bahasha niliitoa mimi kwa mkono wangu, yule mtu akaenda nayo nyuma ya hema kama dakika ishirini, akairudisha bila kupungua karatasi, na shangazi akamshika mikono yote miwili akamwombea baraka, na mimi ili asije akawauliza wengine nikamwambia mambo ya faili ni siri, asimwambie mtu, na siri ya mahojiano anaijua tangu kambini, kwa hiyo amenyamaza mpaka leo. Zile tiketi tulipofika kwenye boti walizikataa, wakasema hawajawahi kuziona.

Septemba barua zikaanza kufika Louisville, kuna gari limenunuliwa kwa jina la shangazi katika jimbo ambalo hajawahi kukanyaga, kuna simu tano zimechukuliwa kwa mkopo, na msaada wake wa uzee ukasimamishwa kwa kuwa karatasi zinasema ana kazi na ana gari, mtu wa miaka sabini na moja asiyeweza kupanda ngazi. Na mfanyakazi wa shirika akasema faili ya Mizero isimame kwanza mpaka ijulikane nani hasa anatumia jina la mama yake. Tukakutana wote kwenye simu, na swali lilikuwa moja, nani alishika bahasha, na jibu likawa Josiane. Josiane si wa kabila letu la milimani, ni Mushi wa Bukavu, na wapo watu walikuwa wanasubiri nafasi hiyo tangu siku ya harusi.

"Donc ni nani?" Ganza alimwuliza tukisikia sote. "Anvelope ilikuwa mu mikono yako."

"Niliishika tu, sikuifungua," Josiane akajibu. "Bon, kama munaniona mwizi, museme wazi."

Wakasema wazi. Mimi nilizima kipaza sauti cha simu yangu nikalia peke yangu jikoni. Sasa Josiane yuko kwa kaka yake Polycarpe, huko huko Columbus, ana mimba ya miezi saba, na mtoto wake wa miaka mitatu amebakizwa kwa Ganza, na shangazi aliyekuwa akimwita Josiane binti yake, naye ameanza kuamini kwamba ndiye mwizi. Wiki iliyopita shangazi alinipigia na furaha, akasema yule bwana wa baharini hakutusahau, anampigia kila mara, amepata hata mtu anayeongea Kiswahili, na wanataka Mizero apande basi kwenda Kampala na karatasi zake za asili, huko kuna mtu atampokea, na mimi nikamwambia Mungu ni mwema.

Mama, mume wangu ni shemasi, na wazee wananiamini mimi kuliko karatasi. Nikisema ukweli, nani tena ataniweka kati yake na daktari? Nikinyamaza, Josiane ataachwa na nitamwona kanisani maisha yangu yote. Nifanye nini?

Mkalimani, North Buffalo

*

Mkalimani,

Barua yako nimeisoma nimesimama jikoni na mwiko mkononi, ugali ukaungua. Umeandika kurasa tatu juu ya aibu yako na mistari mitatu juu ya Kampala. Soma tena hiyo mistari mitatu. Mtu aliyeiba jina la mama sasa anamwita binti, aje peke yake, na karatasi za asili, kwa mtu asiyemjua. Wewe unaniuliza habari za Jumamosi! Unajua Mizero akipanda basi hilo atashukia mikononi mwa nani? Mimi sijui, na wewe hujui, na hilo ndilo linalonitisha.

Sikungoja gazeti litoke. Jumatano nilikupigia kwenye namba uliyoandika nyuma ya barua. Nilikuambia umpigie Mizero kwanza, abaki kambini, asimpe mtu karatasi wala picha ya karatasi, aende kwenye ofisi ya ulinzi ya kambi awaeleze. Nilikuambia ukimaliza hapo umpigie shangazi yako na umwambie maneno yaleyale uliyoniandikia mimi, bila kuyapunguza. Ulilia, ukaniahidi. Tangu hapo nimepiga mara sita na hupokei.

Nakuonea huruma, usidhani sikuonei. Najua beji na meza vinatufanya nini. Tulifundishwa miaka mingi kwamba mwenye fomu ndiye mwenye maisha yetu, na kwamba anayejibu upesi na wazi ndiye anayepita. Wezi hawakutuundia udhaifu huo, wameukuta. Lakini shangazi yako alikataa! Bibi wa miaka sabini na moja, asiyejua Kiingereza, aliona kitu ambacho wewe hukukiona, akashika kifua chake. Lililomfungua kitenge ni jina la mtoto wake, na jina hilo ulilitumia wewe, kwa ajili ya pomboo. Mkalimani hupeleka neno la mtu kama lilivyo. Siku ile ulipeleka lako.

Unauliza nani atakuamini tena. Pengine hakuna, kwa muda mrefu. Hayo utayabeba. Josiane hana sababu ya kukubebea, na mimba aliyonayo inamtosha.

Kwa hiyo usiingoje Jumamosi. Panda gari uende Louisville, mume wako shemasi akusindikize, maana naye lazima ajue. Ukae chini mbele ya shangazi yako na useme. Umbadilishie namba ya simu siku hiyohiyo. Mwende pamoja polisi mkaandikishe wizi wa jina, na hiyo ripoti mwipeleke ofisi ya Social Security na kwa mfanyakazi wa shirika, kwa sababu bila ripoti faili ya Mizero haina mlango wa kufunguka. Mzipigie kampuni za kumbukumbu za mikopo zifunge jina lake mtu asikopee tena. Kutafsiri kote huko afanye mkalimani mwingine wa shirika, si wewe. Ukitoka Louisville nenda Columbus, kwa Polycarpe kwanza kabla ya wazee, umwombe Josiane msamaha ukiwa umekaa chini kuliko yeye. Hapo ndipo uingie kwa wazee, na useme kwa sauti ileile unayotumia hospitalini.

Na ninyi wengine mnaofunga mizigo kwenda baharini mwakani, msijidai kwamba haya ni ya huyu mama peke yake. Karatasi zibaki nyumbani zimefungiwa, ubebe kitambulisho kimoja tu. Hakuna afisa wa faili anayefanya kazi chini ya hema kando ya bahari. Kitu cha bure kinachouliza tarehe yako ya kuzaliwa na namba yako ya Social Security, inuka uondoke, hata watoto wakilia. Watalia, watanyamaza, mtawanunulia aiskrimu.

Uliomba nibadilishe majina yote. Nimebadilisha lako kwa kutoliandika kabisa, na ya wengine nimeyageuza, isipokuwa mawili. Josiane ni Josiane, kwa sababu aliitwa mwizi kwa jina lake na kila mtu akisikia. Na Mizero ni Mizero, ili mama yake alijue jina hilo akisomewa. Nilikuambia Jumatano kwamba nitafanya hivyo, na kwamba gazeti linagawiwa Jumapili hii milangoni mwa makanisa, Louisville, Columbus na Buffalo. Nilikupa siku nne za kutangulia. Kama ulitangulia, haya yote ni habari ya zamani nyumbani kwenu, na ninamshukuru Mungu.

Kama hukutangulia, basi ninaongea na shangazi. Mama wa Louisville, wewe mwenye bahasha kifuani, unayesomewa haya sasa hivi na mtu mwingine. Yule bwana wa baharini hana faili ya mtoto wako na hakuwahi kuwa nayo. Usipokee simu yake tena. Mpigie Mizero sasa, kabla hujamaliza kusikiliza, umwambie asipande basi. Halafu umpigie Josiane. Bahasha yako hakuifungua.

Mama Kostansia