Njia ya Mawe Kwenda Pangoni

Jumamosi, 8 Februari

Tumezunguka tena ndani ya jengo la maduka la Burnsville, hapa Minnesota. Nje baridi inakata masikio, kwa hiyo sisi wanawake wa kanisa tunafanya mazoezi ya mlima kwenye vigae. Kutoka duka la viatu hadi penye mikate, kisha kurudi. Hewa ya joto, muziki, sakafu inayong'aa. Wazee wa Kizungu nao hutembea humo kila asubuhi. Wanatupungia mkono.

Mama Pasta anatangulia na filimbi. Filimbi, jamani. Nani alimpa mke wa mchungaji filimbi?

Magoti yangu ni mazima. Kinachonichosha ni kuangalia kisogo cha yule mwanamke.

Jumapili, 9 Februari

Niandike hili mara moja, niliondoe kifuani.

Nadhiri ni yangu. Mwanangu Fiston alipogonga kwa gari chuma cha kando ya barabara kuu, akalala wodini bila kufumbua macho, mimi ndiye niliyekaa pale na Biblia. Nilikuwa nimefika Ufunuo. Nikasema: Mungu, mwanangu akiamka, nitakwenda Patmo, kisiwa cha Yohana huko Ugiriki, nipande kwa miguu yangu hadi mlango wa pango alimopewa Ufunuo. Akaamka.

Nilimwambia mtu mmoja tu, Mama Pasta, katika chumba cha maombi, mlango umefungwa. Nilimwambia na habari ya pombe aliyokunywa Fiston, kwa sababu mzigo ulinizidi. Jumapili iliyofuata akashika kipaza sauti akalitolea kanisa zima ushuhuda. Pombe, chupa kwenye gari, jina la mtoto, kila kitu. Watu wakapiga vigelegele. Fiston alikuwa kiti cha nyuma, bendeji bado kichwani.

Alitoka nje. Hajarudi kanisani, hajarudi kwangu. Anaishi mtaa wa Phillips na wenzake wawili, mwendo wa basi tu, na hapokei simu yangu. Anadhani mimi ndiye niliyetaka atangazwe.

Na kanisa likaichukua nadhiri likaifanya safari ya kina mama wote. Tuna sare. Tuna filimbi. Namchukia, na ninajua ni dhambi, na bado namchukia.

Jumapili, 16 Machi

Kikao cha njia. Mimi nimezisoma njia za kile kisiwa kwenye simu, wakati wa mapumziko kazini, nikiwa nimekalia mashuka ya hoteli yanayosubiri kukunjwa. Nazijua kuliko mtaa wangu. Kuna ya kwenda kwenye vinu vya upepo. Kuna inayokata mashamba kuelekea fukwe za kaskazini, yenye vigeti vya mbuzi ambavyo ukipita lazima uvifunge nyuma yako. Na kuna ile ya zamani, ya mawe, iliyojengwa kwa ajili ya punda. Inaanzia bandarini, inapita kwenye misonobari, inafika pangoni. Si mbali. Mwenye miguu hamalizi nusu saa.

Nikawaambia hivyo. Mama Pasta akakunja uso. Watu tuvuke bahari kwa ajili ya nusu saa? Tukirudi tutashuhudia nini?

Amechagua nyingine. Tuanzie ghuba ya kusini, tupande hadi mji ulio juu, tuuzunguke, ndipo tushuke pangoni. Na vituo vya maombi njiani. Wote wakasema amina. Jolie, binti anayetusomea ramani, aliniangalia kidogo halafu naye akasema amina.

Nadhiri yangu sasa ina kamati.

Jumamosi, 26 Aprili

Theluji imekwisha, isipokuwa ile chafu kwenye maegesho ya magari. Nikawaomba leo tutoke, twende kando ya mto Mississippi, kwenye ngazi na matope, miguu ijifunze mawe. Mama Pasta akasema matope yataharibu viatu. Wamekwenda Burnsville.

Nimekwenda mtoni peke yangu. Nimepanda, nimeshuka, nimepanda tena. Mapaja yanawaka. Nimefurahi kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze.

Wanawake hawa walitoka Kongo kwa miguu. Na mimi nilitoka kwa miguu, Fiston mgongoni, hadi kambini Nyarugusu, Tanzania, ambako nilimzika baba yake. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na filimbi. Miaka kumi ya lifti na magari imetufanya tuamini vigae vya dukani ni mlima.

Jumamosi, 24 Mei

Tangazo. Siku ya kupanda tutafunga, na si kufunga kwa kawaida. Kufunga kavu. Hakuna chakula, hakuna maji, mpaka pangoni. Mahali patakatifu, anasema Mama Pasta, hapapandwi na tumbo lililojaa.

Nilisimama nikasema kule ni jua kali na mawe matupu, wala hakuna kivuli cha maana mpaka ushuke kwenye misonobari. Akanijibu mbele ya wote, akitabasamu: "Mama Fiston, imani yako iko kwenye chupa ya maji?"

Wakacheka. Neno chupa alilichagua, namjua. Ningekuwa mtu wa kupiga watu, leo ningepiga.

Nimempigia Fiston jioni. Imeita hadi ikakatika.

Jumamosi, 7 Juni

Uwanja wa ndege. Wanawake kumi na wawili, kitenge kimoja cha buluu chenye mishumaa. Wapita njia wanatupiga picha. Mama Pasta anagawa kofia. Mchungaji ameomba, ametuaga, amekimbia kurudi kwenye gari kwa sababu ya faini za maegesho.

Nilimwandikia Fiston kwamba naondoka. Alama imeonyesha amesoma.

Jumanne, 10 Juni

Tumefika Patmo. Meli imetutapisha wote, sasa tuko sawa. Kisiwa ni kikavu, cha kahawia, mji mweupe juu kabisa na monasteri nyeusi katikati yake. Kuta za mawe kila mahali. Harufu ya majani fulani ya kukaanga nyama, yanaota ovyo kando ya njia, hakuna anayeyapanda.

Nimepaona mwanzo wa njia ya punda, nyuma ya nyumba za bandarini. Mawe makubwa, yamesuguliwa na miguu. Nilisimama pale. Ningeweza kupanda wakati uleule nikamaliza kazi yangu kabla ya chakula cha jioni. Mama Pasta akapuliza filimbi, tukaenda kugawiwa vyumba.

Ningemwasi. Sikumwasi. Mjinga mimi.

Jumatano, 11 Juni

Tulipaswa kuanza alfajiri. Tumeanza saa nne, kwa sababu ya picha. Picha kwenye ghuba, picha na kitenge, picha na Biblia zimeinuliwa juu. Jua lilikuwa tayari kichwani. Mama Pasta amevaa viatu vya ibada, vya visigino vifupi. Nimemwambia. Amesema Bwana ataiimarisha miguu yake.

Njia yenyewe ni nzuri kama utaachwa uitembee. Kuta za mawe huku na huku, mitini inachungulia juu yake, mbuzi wanakutazama kama wenye nyumba. Lakini mawe hayako sawa, kila hatua lazima uifikirie, na kitenge kilichofungwa kwa kubana hakiruhusu hatua ndefu. Wawili wamepandisha vitenge hadi magotini na kuvifunga fundo. Mama Pasta akawakemea. Kituo cha kwanza, wimbo mzima. Kituo cha pili, wimbo mzima na maombi ya mataifa. Jua halikusubiri mataifa.

Mimi nilikunywa maji. Niliyaficha ndani ya mkoba, nikainama nikajifanya nafunga kamba za viatu. Simwombi mtu msamaha kwa hilo.

Tukafika mji wa juu, tukauzunguka, tukaanza kushuka kuelekea pangoni. Tumeshaiona misonobari. Jolie akasema ni baada ya kona mbili. Hapo ndipo Mama Pasta alipokaa chini. Si kukaa, ni kumwagika. Midomo myeupe, macho hayashiki kitu. Akatapika kwenye mikono yangu, maji ya njano tu, tumbo tupu.

Nikamimina chupa yangu yote kichwani kwake na mdomoni. Hakuuliza imani iko wapi. Jolie akakimbilia barabarani kusimamisha gari. Alikuja mzee mmoja na pikapu ya mboga. Nilimwambia Jolie aende naye mimi niendelee na wengine. Kona mbili! Lakini mwanamke amening'ang'ania kitenge kwa mikono miwili, kama mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano. "Mama Fiston, usiniache. Nakuomba sana, usiniache huku."

Nimepanda pikapu. Nimemshikilia kichwa juu ya mapaja yangu kati ya makreti ya nyanya, na tumeshuka kwa barabara ya lami, na nimelia, na sikuwa namlilia yeye.

Wengine wote wameingia pangoni. Wameimba. Wameniletea picha.

Zahanati wamemwekea dripu. Daktari amesema jua, na kutokula, na kutokunywa. Amelisema polepole, mara mbili, ili tuelewe. Tulielewa.

Alhamisi, 12 Juni

Meli ya kurudi ilikuwa asubuhi hii. Nimeamka kabla ya wote. Nimevaa viatu vya mazoezi na sketi ya kazini, kitenge nimekiacha kitandani. Nimepanda njia ya punda peke yangu.

Haikufika nusu saa. Nilijua.

Njiani nilimkasirikia Mungu, kwa sauti. Nimesema: nimevuka bahari kwa ajili ya mtu asiyenipokelea simu. Nimetukanwa kwa ajili yake. Halafu miguu ikaendelea na mimi nikanyamaza, maana nilikumbuka maneno yenyewe ya wodini. Niliomba aamke. Sikuomba anipende. Sikuomba anitembelee. Mungu alitoa alichoombwa, chote, bila kupunguza.

Mlango ulikuwa umefungwa. Karatasi ukutani, saa za kufungua. Meli isingesubiri. Nilisema mlango, sikusema ndani, nimeukumbuka vizuri mdomo wangu. Lakini nilitaka ndani. Nimeweka kiganja kwenye ubao nikasema: mlango ni wako, miguu ni yangu, nimefika. Nikashuka. Paka mmoja amenisindikiza hadi kwenye misonobari.

Bandarini Mama Pasta alikuwa ameketi kivulini, amevaa ndala za mtu. Aliniuliza nilikuwa wapi. Nimemwambia nilikuwa natembea.

Jumapili, 15 Juni

Kanisa limejaa, hata wa mji wa Saint Paul wamekuja. Kila kitu kinarushwa moja kwa moja kwenye simu, kama kawaida, kwa ajili ya ndugu walioko mbali.

Mama Pasta ameshuhudia. Kwamba kule Patmo, karibu na pango, Roho alimpiga chini. Kwamba aliona nuru. Kwamba hakuweza kusimama kwa utukufu. Na kwamba katika saa ileile nadhiri ya Mama Fiston ilitiwa muhuri mbinguni. Watu wamesimama viti vikaanguka. Mimi nilikuwa nimekaa na harufu ya matapishi yake ikinirudia puani.

Kisha akaniita mbele. Akanipa kipaza sauti. Nadhani alisahau kwamba ni mimi niliyekuwa naye pale kwenye mawe, akakumbuka tu tulipokuwa tunatazamana. Niliona uso wake ukibadilika. Aliogopa. Mkono wake haukukiachia kipaza sauti mara moja.

Mwosha huoshwa. Nilikuwa na kila neno tayari. Dripu, daktari, jua, filimbi. Nilifungua mdomo.

Nikamwona kijana wake, yule mkubwa, anayepiga kinanda. Alikuwa ananitazama kama anayengoja kofi.

Nikasema: "Njia ni ya mawe. Ukienda, vaa viatu vya kutembelea, anza mapema, kunywa maji. Bwana asifiwe." Nikarudisha kipaza sauti, nikaketi.

Watu hawakujua wapige makofi au wasipige. Wachache wamepiga. Bado namchukia, ila leo nimechoka.

Jumanne, 17 Juni

Nimetoka kazini mapema. Mvua kidogo. Nimekaanga ndizi.

Simu imeita nikiwa jikoni. Fiston. Nimeacha sufuria motoni.

Amesema aliona matangazo ya Jumapili. Mwenzake mmoja alimwonyesha, alitaka wacheke. Amesema aliposikia naitwa mbele alitaka kuzima, akashindwa.

"Mama, you didn't say my name."

Nikamwambia hapana, jina lake sikulitaja, nilisema viatu.

"Yeah. Viatu." Amecheka kidogo, puani. Ameniuliza kama nilifika. Nimemwambia nilifika, mlango ulikuwa umefungwa. Ameuliza kama magoti yanauma. Nimesema hayaumi.

Hakusema samahani, wala mimi sikuitaka. Amesema Jumamosi hana kazi, atakuja. Ndizi zimeungua upande mmoja, nimezila hivyo hivyo.