Mama Phelesia Kwenye Foleni ya Migori

Sindo, Suba Kusini,
Kaunti ya Homa Bay,
Kenya.

26 Mei 2024

Mpendwa Shangazi Editruda,

Shikamoo. Nimetoka misa sasa hivi, nimewapa watoto chakula, na kabla sijashikwa na kazi nyingine nimeona nikae niongee nawe. Goti linaendeleaje? Najua msimu wa kahawa ukianza hapo Mbinga hukai chini, lakini nakuomba uwaachie vijana vikapu vizito. Wewe chambua tu.

Sisi huku hatujambo. Liz ameng'oka meno mawili ya mbele na anacheka huku kafunika mdomo. Levis kikohozi kimemwisha, na amerudi kulala ubavuni kwangu kama kawaida yake, miguu yote juu ya tumbo langu. Mimi ni mzima. Kazi yangu ni ileile ya kuanika dagaa. Wenyeji wanawaita omena, na nikikosea nikasema dagaa sokoni, wanawake wananicheka na kuniita Nyar Tanzania, yaani binti wa Tanzania. Wananiita kwa mapenzi.

Shangazi, tangu Maurice afariki mwaka juzi umekuwa ukiniuliza nitarudi lini nyumbani. Mwezi uliopita uliniuliza tena, simu ikakatikakatika, nikabaki na jibu mdomoni. Tena si jibu la kupiga kelele kwenye simu mbele ya majirani. Acha nikueleze kilichotokea Migori, halafu utanielewa.

Unajua kibali changu cha kukaa Kenya kilikuwa cha mke wa raia. Maurice ndiye aliyeniombea, jina lake ndilo lililokuwa limenibeba. Alipoondoka, kibali kikabaki kama koti lisilo na mwenyewe, na mwisho wa mwezi huu muda wake ulikuwa unakwisha. Kisha tukasikia kanisani kwamba maofisa wa uhamiaji wangekuja Migori na kukaa wiki moja kwenye ukumbi mmoja mjini, ili wageni wa huku tusisafiri mbali. Nikafunga vyeti vyangu kwenye mfuko wa nailoni, nikajiandaa kwenda peke yangu.

Mama Phelesia, mama mkwe wangu, akaniuliza, "Unaenda na nani?"

Nikamwambia naenda mwenyewe, maana barua ya mahitaji haikumtaja mama mkwe.

"Sasa wakikuuliza uko na nani Kenya, utaonyesha nani? Kuku?"

Akavaa viatu vyake vya Jumapili. Wewe hujamwona, Shangazi. Ni mwanamke mrefu, mwembamba, ana sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya maji. Kiswahili chake alijifunza sokoni akiwa mtu mzima, na anakitumia bila woga. Nakiri kwamba njiani nilikuwa naona haya kidogo. Alikuwa amebeba beseni la mihogo ya kuchemsha na chupa kubwa ya chai, kana kwamba tunakwenda kulima.

Tulilala kwa wifi yangu Millicent, dada yake Maurice, aliyeolewa Migori. Asubuhi tulipofika ukumbini, foleni ilikuwa imeshauzunguka ukuta na kutokea barabarani. Walikuwepo Watanzania wenzangu wanaouza nguo, Waganda, mwalimu mmoja kutoka Rwanda, na fundi cherehani wa Kongo anayeshona mjini Rongo. Huku foleni wanaiita laini, na laini ile ilikuwa na ugomvi tangu alfajiri. Kila mtu alidai alikuwa mbele ya mwenzake.

Mama Phelesia aliangalia vurugu ile kidogo. Kisha akaweka beseni chini. "Nyinyi wote mko na njaa," akasema. "Mtu na njaa hawezi jua mahali yake." Akaanza kugawa mihogo kuanzia mbele kwenda nyuma, na kila aliyempa alimwambia, "Shika, na ujue huyu ako mbele yako." Bwana mmoja mwenye suti alijipenyeza karibu na mlango. Mama akampa muhogo kwa heshima zote, akamshika mkono, akamtembeza taratibu mpaka mwisho wa foleni huku akimuuliza habari za wazazi wake. Watu walicheka, naye mwenyewe akacheka. Baada ya hapo hakukuwa na kelele tena. Nami haya iliniisha.

Jua likatuchoma, kisha mvua ikatunyeshea. Alasiri ndipo tukaingia.

Ofisa aliyetupokea alikuwa dada kijana, mpole. Alinipa pole ya msiba kabla hajagusa chochote. Akasema mjane wa raia anaweza kuendelea kukaa, ila ndugu wa karibu wa marehemu athibitishe kwamba bado naishi katika boma lile kama mke wao. Mama akapiga kifua. "Niko hapa. Mimi nilizaa Maurice."

Dada yule akalinganisha vitambulisho na cheti cha kuzaliwa cha Maurice, akatugeuzia tuvitazame. Kitambulisho cha Mama kinasema Phelesia. Cheti cha mwanawe kinasema mama yake ni Felista. Sijui nani alikosea miaka ile. Kwa sheria, yule mwanamke aliyemzaa mume wangu hakuwa mama yake.

"Marehemu ana ndugu mwanamume?" akauliza ofisa. "Au dada?"

Cheti cha Millicent kilikuwa na Felista vilevile, lakini kitambulisho chake alikibadilisha alipoolewa, nacho kina jina la mumewe. Aliyebaki ni mmoja tu. Ni shemeji yangu Elvis.

Sijawahi kukuandikia habari za Elvis, kwa sababu sikutaka ukose usingizi. Tangu msiba, anautaka ule uwanja wa ufukweni ninapoanikia omena, ambao Maurice aliuacha mikononi mwangu. Hajawahi kunitukana. Ila hupita na kupima kwa macho, na mara moja aliniambia kwamba watu wa mbali hatimaye hurudi kwao. Kibali changu kikifa, uwanja ni wake bila ugomvi. Na kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya maofisa Migori.

Tulipotoka nje nilimwambia Mama tumpigie simu. Akakataa.

"Simu atakata," akasema. "Mimi hawezi kata."

Akaniachia chupa ya chai, akaenda stendi kutafuta gari la kurudi Sindo. Viatu vya Jumapili alikuwa amevivua, amevishika mkononi.

Jioni ile Millicent alinihurumia, akaniambia ukweli kama alivyouona. Elvis hatakuja, akasema, na Mama ni mzazi wake pia, huenda akifika nyumbani moyo utamgeukia mwanawe wa kumzaa. Shangazi, nilimsikiliza nikaona ana haki. Mimi ni nani? Damu yangu ni ya Mbinga. Niliwaza nitakavyovuka mpaka wa Sirari nikaanze kuomba upya kutoka upande wa pili, Liz akiwa shuleni, Levis akiwa amezoea ubavu wangu. Niliwaza pia chumba ulichoniambia umenipakia rangi. Siku hiyo, nakwambia bila kukuficha, nilikitamani.

Asubuhi nilirudi foleni mapema na nikapata nafasi nzuri. Lakini nafasi nzuri ndiyo iliyokuwa tatizo langu. Nikifika mezani bila ndugu wa Maurice, nimekwisha. Basi watu wakisogea mbele, mimi nikawa nampisha aliye nyuma yangu. Nikampisha mwalimu wa Rwanda. Nikampisha mama wa Uganda na mtoto wake. Mchana ukafika, simu ya Mama haipatikani, nami nikawa naendelea kurudi nyuma kila foleni inaposogea. Yule fundi wa Kongo aliponifikia akakataa kupita. Akasema alikula muhogo wa mama yule, atamngoja pamoja nami. Wawili wengine nao wakakataa. Tukawa kikundi kidogo kinachongoja mtu badala ya kungoja zamu.

Askari wa mlangoni akaanza kufunga madirisha. Ofisa akatoka akatuuliza kama kuna aliyebaki. Nikasema tupo. Fundi wa Kongo akaingia, na najua alikuwa anayavuta maneno yake makusudi huko ndani, maana nilimsikia akimweleza dada yule habari za kila cherehani aliyowahi kumiliki.

Ndipo nikawaona. Mama Phelesia alikuwa mbele, gauni limeloa tope mpaka magotini, hana viatu. Elvis alikuwa nyuma yake, naye tope tupu. Gari lao lilikwama barabara ya Magunga, wakatembea, kisha wakapata pikipiki moja, wakapanda wote wawili na dereva wao.

Mama hakunisalimia. Alinisukuma tu mgongoni. "Ingia."

Ofisa akachukua kitambulisho cha Elvis, akakilinganisha na vyeti. Kila jina lilikuwa mahali pake. Akamtazama. "Unamjua huyu mama?"

Elvis akajifuta tope usoni kwa kiganja. Shangazi, dakika ile sitaisahau. Angesema tu kwamba hana uhakika kama bado naishi kwao, mambo yangekwisha hapo. Akamgeukia mama yake. Mama hakumkunjia uso wala hakumwashiria kitu. Alikuwa anakamua maji kwenye pindo la gauni lake.

"Ni bibi ya ndugu yangu," Elvis akasema. Huku bibi ni mke.

"Bado anaishi kwenu?"

"Bado."

"Na familia inataka aendelee kukaa?"

"Anakaa kwake," akasema. "Ni kwake pale."

Akatia sahihi. Nami nikatia yangu. Yule dada akaniambia nisubiri ujumbe kwenye simu. Ujumbe ulifika Alhamisi iliyopita: kibali kimepita.

Tulipokuwa tunarudi Sindo nilimuuliza Mama alimwambia nini mwanawe. Akasema hakumwambia mengi. Alimkuta nyumbani kwake, akasimama uani. Elvis akamletea kiti, akakikataa. Mkewe akaleta chai, akaikataa. Unajua mwenyewe maana ya mama kukataa chai ya mwanawe mbele ya wajukuu. Elvis akamwambia, "Yule akienda, ule uwanja wa omena unarudi kwetu." Mama akamuuliza, "Kwetu ni wapi, kama watoto ya Maurice hawako?" Akabaki amesimama pale, mpaka Elvis akaingia ndani kuchukua koti.

Nikamuuliza kama hakuumia kusimama kinyume cha mtoto wake. Akanishangaa kabisa. "Sikusimama kinyume. Nilienda kumchukua. Angebaki nyumbani siku ile, ningekuwa nimepoteza wavulana wawili."

Nimelifikiria neno hilo kila ninapogeuza omena juani. Mimi nilidhani ananipigania mimi peke yangu. Kumbe katika safari ileile alikuwa anamwokoa na mwanawe. Nimeishi na watu wengi wazuri, Shangazi, wewe ukiwa wa kwanza, lakini sijaona mtu aliyetenda jambo gumu namna ile bila kuongeza hata tusi moja.

Sitaki kukudanganya kwamba Elvis sasa ni rafiki yangu. Salamu zake bado ni fupi. Lakini hapimi tena kwa macho, na Jumanne Levis alipoteleza kwenye mawe ya ufukweni, ni yeye aliyembeba mpaka mlangoni kwangu.

Kwa hiyo chumba kile, nakuomba mpe mwanao Frankline na mchumba wake. Mimi nakaa. Nitakuja kukusalimu Desemba na watoto, sasa naweza kutoka na kurudi bila hofu.

Nisalimie Baba Mdogo na akina mama wa jumuiya ya kanisani. Mwambie Frankline aache kuendesha pikipiki kwenye mvua. Wifi Millicent anakusalimu sana, Liz na Levis wanakuamkia. Mungu akulinde goti na macho, akupe mavuno mema na wanunuzi waaminifu.

Mama Phelesia amekaa hapa kando yangu. Nimemwambia nakuandikia, naye ana ujumbe wake. Ameniagiza niuandike kama alivyousema, nisiunyooshe: "Mama, mtoto yako ako kwangu. Sasa ako na karatasi. Lakini hata bila karatasi, angekuwa kwangu."

Mimi mtoto wako, nikupendaye siku zote,

Leokadia