Maili Sita, Kutoka Wapi?

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisubiri marahaba, nimekuamkia kwa mazoea, kama mama anavyokutengea chai kila Jumapili halafu anainywa mwenyewe.

Mnara wako umeng'olewa. Ule wa kuzipimia ndege umbali, uliokuwa ukiufyekea nyasi kuliko ulivyofyekea migomba yetu. Hakuna aliyeulilia ila ng'ombe wa jirani, aliyekuwa akijikunia pale. Siku hizi marubani wanatumia GPS, setilaiti inawaambia walipo hata wingu likiufunika Meru mpaka miguuni. Ni kitu kizuri, sikatai. Mimi wa darasa la saba nimekichunguza kwenye simu mpaka nikakielewa, na kuelewa ndiko kulikoniharibia raha.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinikalisha juu ya ndoo pale mnarani? Ndege ikilia unauliza, "Iko wapi?" Nikisema maili sita, unanigonga kisogoni: "Kutoka wapi, we mtoto? Kutoka sokoni?"

Sasa Elinipa, kitinda mimba wako, ni rubani. Ile kadi uliyomwandikia alipoanza masomo, ya kumwongoza kutua akiwa ndani ya wingu, bado anatembea nayo. Umeandika kwa wino wa bluu: maili sita, anza kushuka. Ulimaanisha kutoka mnarani, na mnara ulikuwa upande wa pili wa uwanja, maili mbili kupita pale ndege inapogusa lami. GPS yake inahesabu kutoka mwanzo wa lami. Ikimwonyesha sita, kwa hesabu yako yuko nane. Bado yuko juu ya vilima.

Nilimwambia Jumapili, akila ndizi nyama.

"Dada, umeanza! Lini umerusha ndege wewe?"

"Jana. Kichwani."

"Hongera kwa kutua." Halafu akaacha kucheka. "Ramani mpya ninazo. Ila wingu likiwa zito, nafuata ya Baba. Haijawahi kuniangusha."

"Kadi haina kosa, Eli. Mnara ndio haupo."

Akaomba chumvi.

Nikafanya jambo ambalo ungenichapia. Alipokwenda kunawa, niliichomoa kadi kwenye begi lake. Ninayo hapa barazani kwetu Kikwe, naandika barua hii juu yake.

Leo mchana alinipigia kabla ya kuruka. "Dada mwizi! Kaa nayo tu, nimeikariri tangu chuoni." Nilipompigia tena, simu ilikuwa imezimwa. Nikapiga ofisini kwao. Binti wa mapokezi akanijibu kwa upole, "Mama, rubani anajua kazi yake."

Hukuwahi kutukosea, Baba, na hilo ndilo tatizo. Ungekuwa baba wa kawaida, wa kukosea mara mojamoja, Elinipa angekagua.

Sasa ni saa kumi alasiri. Upande wa vilima vya Momela wote umezibwa na wingu, hata migomba ya jirani ni vivuli tu. Namsikia anakuja. Nimefumba macho ulivyonifundisha, nahesabu umbali kwa sikio.

Injini imepunguzwa nguvu. Anashuka.

Mimi nilikuwa bado kwenye nane.

Pumzika, Baba, kama unaweza.

Binti yako wa kwanza