Nimejishtaki Mwenyewe kwa Tiketi ya Mizani

Mshauri mpendwa, pole na kazi ya kusikiliza vilio vya watu, leo nakuongezea na changu, na nakuomba unisome hadi mwisho kabla hujanicheka, maana hapa nyumbani nimeshachekwa vya kutosha na hakuna aliyenipa jibu.

Mimi ni dereva wa lori la tela, mwaka wa kumi na saba huu, nabeba saruji, na pale yadi kwetu hakuna anayeniita jina nililopewa na wazazi, wananiita Upepo. Jina hilo sikulipata bure. Bosi wetu ana ubao mweusi ameutundika pembeni mwa geti, na kila lori likiingia mlinzi anaandika kwa chaki limefika saa ngapi na safari imechukua muda gani, na aliye juu kabisa ndiye anayeshusha mzigo kwanza huku wenzake wakisubiri juani, na mimi, nasema kweli tupu, nimekaa juu ya ubao ule miezi saba mfululizo, hata mke wangu nilimleta nikampiga picha amesimama mbele yake, ingawa hakutabasamu.

Sasa sikia nilivyojimaliza. Jumanne moja, saa nne na dakika ishirini na tano asubuhi, trafiki mmoja mwembamba, mpole, alinisimamisha kwenye mzunguko wa kuingilia mjini, na wala hakunisimamisha kwa ajili ya spidi, alinisimamisha kwa sababu taa moja ya nyuma ya tela ilikuwa imezima. Akaniambia nibadilishe balbu niende zangu. Balbu ya akiba ninayo, nikabadilisha, mambo yakaisha. Mtu mwenye akili timamu angesema ahsante akawasha gari. Mimi nikaanza stori. Yeye aliniuliza tu, vile watu wanavyoulizana, "Umetoka mbali?" Nami nikamjibu, "Afande, nimetoka mizani, kilomita mia moja na thelathini, na nimetumia saa moja na dakika ishirini tu, na tani ishirini na nane mgongoni!" Akasema, "Acha hizo, bwana. Lori hili?"

Mshauri, nikaona nimedharauliwa. Nikaingiza mkono mfukoni nikatoa tiketi ya mizani, ina muhuri na saa, saa tatu na dakika tano, nikamkabidhi. "Soma mwenyewe!" Akasoma. Akatazama saa yake ya mkononi. Akatoa simu, akapiga hesabu taratibu bila haraka yoyote, kisha akanigeuzia kioo nione: wastani wa kilomita tisini na saba na nusu kwa saa, na lori mwisho wake ni themanini. Akaniomba leseni kwa adabu kabisa.

Mwaka jana nilishatozwa faini kwa kosa hilohilo, kwa hiyo hili ni la pili, na mwendesha mashtaka amesema wazi kwamba ataomba leseni yangu ya magari makubwa ifutwe. Ifutwe, mshauri! Mimi kazi nyingine siijui, ukiniweka nyuma ya meza nitasinzia kabla ya saa nne.

Bosi amenipa njia, na hapo ndipo penye balaa. Karani wa mizani aliyenipima siku ile ni mdogo wake mke wangu, shemeji yangu kabisa, dada makini asiyechelewa kazini hata mvua inyeshe vipi. Bosi ameshachapisha barua, inasema asubuhi ile saa ya mizani ilikuwa imekwenda mbele nusu saa, imebaki sahihi ya shemeji tu, na ikipatikana basi itaonekana nilitoka pale mapema na mwendo wangu ulikuwa wa malaika. Nilipomgusia mke wangu, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa anakata kitambaa, akaweka mkasi mezani akasema, "Aliyeropoka ni wewe. Mdogo wangu hakuropoka. Ukimpelekea karatasi hiyo, isirudi humu ndani, na wewe usirudi nayo." Tangu siku hiyo tunazungumza habari za funguo na chumvi tu.

Shemeji mwenyewe hajui lolote. Jumapili alipita kunipa pole, akaniuliza, "Shemeji, kuna lolote naweza kukusaidia?" na barua ilikuwa ndani ya mfuko wa shati langu, hapa hapa kifuani, nikaona aibu hata kumtazama, nikamwambia aniongezee chai. Kesi ni wiki tatu kutoka leo. Nimwombe hiyo sahihi, au niache leseni yangu iende na maji? Niokoe.

Ni mimi, Upepo.

*

Upepo,

Samahani, nilikucheka. Nilijizuia hadi pale kwenye "soma mwenyewe," hapo nikashindwa, na mhariri wangu akaja kuuliza kuna nini. Miaka kumi na moja nimejibu barua kwenye ukurasa huu na sijapata kuona mtu aliyeachiwa na askari, akamkimbilia na ushahidi mkononi.

Nimemaliza kucheka. Sasa kaa vizuri, maana nina hasira na wewe.

Mimi naendesha kigari kidogo cha kijani, na barabara hiyo ya mizani naijua. Nimewahi kutazama kioo cha nyuma nikaona hakuna barabara wala anga, ni bampa ya lori tu, linanipigia honi nisogee wakati pembeni ni mtaro. Sijui kama ulikuwa wewe. Najua kwamba tani ishirini na nane zikiwa kwenye kasi ile, breki unaweza kuikanyaga kwa miguu yote miwili na bado hazisimami unapotaka. Na yote hayo kwa ajili ya chaki! Mtu mzima, baba wa nyumba, unahatarisha roho za watu ili mlinzi akuandike juu ya wenzako. Mkeo hakutabasamu kwenye picha kwa sababu alikuwa anatazama kitu ambacho siku moja kingemfanya mjane.

Sheria nayo haina utani na magari makubwa. Nimemuuliza wakili mmoja rafiki yangu, naye ameniambia utakayoyakuta: faini, alama mbaya kwenye leseni, na kwa kosa la pili hakimu anaweza kukusimamisha kuendesha au kukufutia daraja la malori kabisa. Na kama ungegonga mtu, tungekuwa tunaongelea gereza, na bima nayo ingetafuta mlango wa kutokea. Hayo ndiyo uliyojitakia. Lakini yana mwisho wake: faini hulipwa, kusimamishwa huisha.

Barua ya bosi haina mwisho. Hebu nikuulize, bwana Upepo. Siku ile ulipimwa peke yako? Lori lililokuwa mbele yako halina tiketi? Lililofuata nalo je? Yote yamegongwa muhuri kwa saa hiyohiyo. Yule trafiki mpole anachohitaji ni tiketi mbili tu za wenzako, na simu yake unaijua. Hapo utakuwa umetoka kwenye kosa la barabarani umeingia kwenye kosa la kuidanganya mahakama, ambalo watu hufungwa kwalo, na hutakuwa peke yako kizimbani. Pembeni yako atasimama shemeji yako, dada asiyechelewa kazini, amepoteza kazi na jina kwa sababu wewe ulidharauliwa kwenye mzunguko. Bosi wako hatakuwepo. Umeona sahihi yake popote kwenye barua hiyo?

Hata hivyo kuna mahali katika barua yako nilipokupenda. Jumapili dada wa watu alikuuliza mwenyewe akusaidie nini, karatasi iko kifuani, kalamu bila shaka iko mezani, nawe ukaomba chai. Wewe jibu unalo tangu siku hiyo, unataka tu mtu akuambie kwa sauti. Haya, nakuambia kwa sauti.

Ichane barua mbele ya bosi, vipande mwachie mezani kwake. Kesho nenda kwa wakili, na kama huna wakili ulizia ofisi ya msaada wa kisheria pale pale mahakamani, usiende kichwa kichwa. Funga kidhibiti mwendo kwenye lori kabla ya kesi, kipigwe lakiri, na cheti chake uende nacho. Siku ya kesi kubali kosa mapema, kwa sentensi fupi. Fupi, Upepo! Usimsimulie hakimu stori. Ukiulizwa kwa nini, sema habari ya ubao, na useme chaki uliitaka wewe. Kisha omba usimamishwe badala ya kufutiwa, na ujitolee kufanya mtihani upya. Jioni rudi nyumbani, vua viatu, umwombe mkeo msamaha kabla hujaomba chakula. Na matokeo uniandikie, yawe mazuri au mabaya.

*

Miezi sita baadaye:

Mshauri, kaa chini, nina habari!

Niliichana. Bosi aliniita mjinga mbele ya karani wake, nikamwambia ndiyo, bosi, lakini mjinga wa mwisho leo, nikamwachia vipande mezani nikatoka. Mahakamani mwendesha mashtaka alisimama akaomba leseni ifutwe. Hakimu, mama mmoja mwenye miwani, akaniuliza kama nina la kusema. Nikasema, "Mheshimiwa, ni kweli nilikimbia. Hakuna aliyenituma. Nilitaka kuwa juu ya ubao." Nikanyamaza, na wewe ndiye unayejua ilivyonigharimu kunyamaza. Akasema, "Ubao gani?" Basi ukaulizwa ubao, akaulizwa bosi aliyekuwa amekaa benchi la nyuma, akasimamishwa mbele ya watu wote akaelezwa kwamba anayewashindanisha madereva wa malori anaweza siku moja kukaa kizimbani pamoja nao. Jioni ile ile bosi aliufuta ubao kwa mkono wake, na tambara lililoloa, sisi sote tukitazama.

Mimi nilipigwa faini, nikaandikiwa alama, nikasimamishwa miezi minne na kuamriwa mtihani upya. Haikufutwa! Wakili wa msaada alinishika bega na mimi nikalia kama mtoto pale koridoni, sikuona haya. Miezi minne nikawa mkaguzi wa matairi na taa yadini, na sasa hakuna tela linalotoka na taa imezima, wananiona nakuja na balbu mfukoni wanakimbia. Mtihani nikafanya. Mtahini akasema kwa miaka mingi hajaona dereva wa tela anayeonyesha kiashirio hadi kwenye uwanja mtupu. Nimefaulu, mshauri, nimefaulu mara ya kwanza!

Wiki iliyopita nilirudi barabarani. Shemeji akanipima, akagonga muhuri saa tatu na dakika mbili, akaniambia, "Safari njema, shemeji," naye bado yuko kwenye kiti chake, jina lake safi. Nikafika kwenye mzunguko, na unadhani nani amesimama pale? Yule yule, mwembamba, mpole. Akanisimamisha, na jina langu la yadini alishalisikia mahakamani. "Upepo! Leo umetumia muda gani?"

Nikamwambia, "Sikumbuki, afande."

Akacheka hadi kofia ikamwanguka. Nikampa tiketi. Wakati huo ilikuwa saa nne na dakika hamsini na nne. Akatoa simu, akapiga hesabu taratibu vile vile kama siku ile, akanigeuzia kioo: sitini na tisa na ushee. Akanipigia saluti, mshauri, mimi, na tani zangu ishirini na nane! Yadini nilifika wa tisa, na madereva wote wanane walioshusha kabla yangu walikuwa wamepanga mstari getini wakinipigia makofi ya dhihaka, nami nikawapungia mkono kupitia dirishani mmoja mmoja.

Nyumbani mke wangu aliichukua ile tiketi, akaisoma mbele na nyuma, akaibandika mlangoni mwa kabati la vyombo. Akasimama mbele yake, akaniambia, "Haya, piga." Nikachukua simu nikampiga picha. Mara hii meno yote thelathini na mbili yanaonekana, nakutumia uone mwenyewe.

Wako, dereva wa tela.

*

Dereva wangu,

Picha nimeiona, na mhariri nimemwita aje kuiona, na safari hii hakuniuliza kuna nini.

Mashauri sina tena, nina swali. Alhamisi nilikuwa barabara ya mizani na kigari changu. Mbele yangu kulikuwa na tela la saruji linakwenda zake pole pole, taa zote za nyuma zinawaka, na nilipotaka kupita likaniwashia kiashirio kunijulisha mbele ni kweupe. Nikalipita, nikapiga honi mara mbili, na nikaimba hadi mjini. Ulikuwa wewe? Kama ulikuwa wewe, hongera sana. Kama hukuwa wewe, basi mko wawili, na hongera yenu nyote.